Mkunjo wa Kumi na Sita

Septemba 4, Jumatatu

Daftari hili limepigwa mistari upande mmoja tu, ndiyo maana Mkutubi amenipa. Nitaandika humu mpaka mvua zinyeshe au mpaka moyo unitulie, lolote litakalotangulia. Sijasoma sana. Niliishia darasa la saba, lakini kwa miaka kumi na tisa nimeshona vitabu vya waliosoma, na fundi wa koti la tajiri naye hujua mabega ya tajiri yalivyo.

Kazi yangu iko chumba cha nyuma cha maktaba. Kitabu kikichakaa kinaletwa kwangu. Nakifumua mpaka inabaki mikunjo mitupu, yaani yale mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja, kisha nashona upya, napaka gundi, nakibana chini ya ubao. Nyuma ya kila kitabu nashona pia karatasi ya maoni. Msomaji akirudisha kitabu anaandika mstari mmoja au miwili, jina si lazima. Karatasi ikijaa naitoa, naiweka kwenye droo, nashona nyingine. Utaratibu huu aliuanzisha mkutubi wa zamani, Mungu amrehemu. Alikuwa akisema kitabu kisichosemwa ni kama mgonjwa asiyetembelewa.

Leo mume wangu ameanza kupima kisima uani hapa hapa maktabani. Mabomba ya mtaa yamekauka tangu Julai. Atakuwa hatua ishirini kutoka dirishani kwangu, yeye chini na shemeji yangu, mdogo wake, juu akishika kamba. Miaka kumi na moja wanafanya hivyo. Ningepaswa kufurahi kuwaona karibu. Lakini akiwa kazini mbali nilikuwa simwoni akizama. Hapa nitamwona.

Septemba 6, Jumatano

Ardhi ngumu. Vumbi limeingia hadi kwenye gundi.

Septemba 8, Ijumaa

Kimeletwa kitabu kinachogombaniwa. Kinaitwa *Chuma Kisichopoa*. Uti wake umekatika na karatasi ya maoni imejaa pande zote mbili. Mkutubi anasema hakuna kitabu chenye orodha ndefu ya wanaokisubiri kama hiki, nusu wanataka kukisoma na nusu wanataka kukilalamikia kwa ushahidi.

Kabla sijagusa kitabu husoma maoni, ndiyo desturi yangu. Nanakili machache.

"Nilikisoma mchana na bado niliwasha taa."

"Kurasa mia za watu wanaochimba. Nikitaka kuona watu wakichimba nitachungulia dirishani." Huyu ni Mwalimu, mstaafu anayekaa meza ya dirishani kila siku ya Mungu. Mwandiko wake umenyooka kama bado anatusahihisha.

"Mwandishi hatuambii mtambo ule ulitoka nyota gani wala nani aliuzika. Hapo ndipo penye utamu." Na chini yake, kalamu nyingine: "Hapo ndipo penye uvivu."

"Mimi ni muuguzi, nimeona mengi. Ukurasa ambao kile chuma kinavuta pumzi niliuruka."

"Kinatisha, lakini mwisho wake umenituliza. Ahsante."

Kwa hiyo kitabu sijakifungua na tayari nakijua. Watu wanachimba, wanakuta chuma chenye joto, hakikutengenezwa na binadamu, kilifukiwa kabla hatujakuwepo. Kinanguruma. Anayekigusa anaanza kusikia anaitwa chini. Sitakisoma. Mke wa mchimba visima asome hayo ya nini? Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sala yangu nimeirudia mara mbili, na ya pili nimeitaja kamba kwa jina.

Septemba 9, Jumamosi

Nimekishona. Naomba Mola anisamehe, nimekishona kama mtu anayeosha maiti asiyemjua. Nilifunika kurasa kwa kitambaa nikaacha uti tu kwa ajili ya sindano, macho yangu nikayapeleka uani. Kwa kawaida huhesabu mikunjo kwa sauti. Leo sikutaka kitabu kile kiijue sauti yangu. Nimekibana chini ya ubao, na juu ya ubao nikaweka kitabu kikubwa cha sala kiwe uzito.

Mume wangu amefika futi saba. Amenipungia mkono kutoka ndani, kama mtu aliye kwenye pipa.

Septemba 13, Jumatano

Futi kumi. Leo shemeji amenifundisha tena ishara za kamba, eti nisije nikaolewa na mchimbaji nikafa mjinga. Mtikiso mmoja: vuta ndoo. Miwili: teremsha. Mitatu: nitoe mimi. Nikamuuliza, na minne? Akasema minne ni kwamba chai imechelewa.

Mume wangu ana sheria mbili. Ya kwanza, ncha ya kamba lazima ifungwe kwenye nguzo, hata kama mshikaji ana nguvu za tembo. Ya pili anaisema kila asubuhi kabla ya kushuka, kama mwingine anavyosema sala: mshika kamba haulizi, anavuta.

Septemba 16, Jumamosi

*Chuma Kisichopoa* kimerudi kutoka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Kwenye karatasi mpya ameandika: "Nimefanya nini hata mwandishi aniache shimoni?"

Septemba 21, Alhamisi

Muuza dawa: "Kitabu kizuri, mwandishi katili. Mshika kamba anaachia, basi. Basi kweli?"

Mwingine asiyejitaja: "Nimeupenda mwisho huu mkavu. Ndivyo dunia ilivyo, kila mtu na roho yake."

Watu ni kama meno, hayalingani. Huyu kaambulia faraja, huyu kaambulia kaburi, kitabu ni kile kile. Nilikaa nikifikiri hivyo, nikajiona mwenye hekima. Futi kumi na saba.

Septemba 25, Jumatatu

Shemeji amekiazima. Mkutubi amemrukisha foleni kwa kuwa yuko uani kutwa na hawezi kukipoteza. Nilimwambia, shemeji, wewe kazi yako ni shimo, unatafuta shimo lingine la nini? Akacheka: "La kwenye kitabu halina udongo, shemeji. Nguo hazichafuki."

Anakisoma ndoo ikiwa chini inajazwa, kimekaa gotini, mkono mmoja kwenye kamba.

Septemba 27, Jumatano

Hajanitania siku nzima.

Septemba 28, Alhamisi

Hajanitania. Amesogeza kigoda chake mbali na mdomo wa kisima. Hatua mbili tu, lakini miaka kumi na moja kigoda hicho hakijawahi kusogea.

Septemba 29, Ijumaa

Futi ishirini na tatu. Saa tano asubuhi sururu ililia. Si mlio wa jiwe, jiwe naujua. Ulilia kama sufuria kubwa iliyofunikwa. Nilitoka na sindano mkononi. Mume wangu akapaza sauti kutoka chini kwamba amekuta chuma, mviringo, kinapita kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha akasema kwa mshangao wa kawaida kabisa, kama mtu anayesema chai imepoa:

"Kina joto."

Nilimtazama shemeji. Uso wake ulikuwa umepauka kama mtu aliyepakwa unga. Midomo ilikuwa inatembea, na nilijua anasoma, ingawa kitabu kilikuwa kimefungwa.

Jioni mume wangu alioga, akala, akasema ni bomba kuukuu tu. Nilimshika mkono wa kulia, ule uliokigusa. Ulikuwa mkono wake ule ule. Sijui nilitegemea nini.

Oktoba 2, Jumatatu

Kinanguruma. Niliinama kwenye mdomo wa kisima nikasikia mwenyewe: sauti nzito, ya chini, haipandi haishuki, inaingia kwenye meno kabla ya masikio. Mwalimu naye alitoka na miwani yake, akasikiliza, akasema ni mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya barabara. Bomba la zamani linabeba mtetemo wake, na joto ni la maji ya moto ya injini wanayoyamwaga humo. Ameeleza vizuri, kama ubaoni.

Mume wangu ni mtu wa kujaribu. Akamtuma Mkutubi kwa msagaji, amwombe azime mashine kidogo. Tukasimama kimya uani, sisi wanne na msagaji mlangoni kwake kuvuka barabara. Akazima. Na mngurumo ukazimika.

Wote walicheka, mume wangu alicheka zaidi. Mimi pale uani sikumwambia mtu, nakuambia wewe daftari: nilikuwa nahesabu. Mashine ilizimwa, nikavuta pumzi tatu nzima, ndipo kisima kikanyamaza. Nilimtupia jicho shemeji. Naye alikuwa na vidole vitatu vimenyooka juu ya paja.

Nilipomuuliza mume wangu njiani alisema chuma ni kirefu, sauti inatembea, ina safari yake. Huenda. Atachimba kando yake apite. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa mashine, na kisima kisichojengewa mvua zikija hakina dhamana.

Oktoba 3, Jumanne

Joto. Hakuna upepo. Karatasi zinanata vidoleni.

Oktoba 5, Alhamisi

Leo nitaandika kirefu, na mkono wangu unisaidie.

Asubuhi shemeji alirudisha kitabu. Alikiweka mezani kwangu bila kukaa, akaenda uani. Nikafungua karatasi ya maoni. Aliandika hivi:

"Mshika kamba hana kosa. Mtu yeyote angeachia."

Nilisoma mara nyingi. Nje nilimsikia mume wangu akisema sheria yake ya asubuhi, kisha kapi la kamba likaanza kulia, anashuka. Anashuka kwenye mikono iliyoandika maneno yale.

Ndipo nikakumbuka yule wa zamani aliyeandika ahsante, mwisho umenituliza. Mtu gani atulizwe na kamba iliyoachiwa? Nikafungua droo, nikatoa karatasi ya kwanza, nikaiweka kando ya hii mpya. Nilisoma kama Mwalimu, kwa kidole. Ya zamani: wapo waliochukia kuchimba, wapo waliochukia mtambo, wapo waliosema ni uongo mtupu, lakini hakuna hata mmoja aliyelia kwa sababu ya mwisho. "Mwisho umenituliza." "Mwishoni nilipumua." "Mwisho mtamu mno, mwandishi kaogopa wasomaji." Ya mpya: shimoni, katili, mkavu, kila mtu na roho yake. Kati ya karatasi hizi mbili kimepita kitu kimoja tu. Sindano yangu.

Nilihesabu mikunjo ya *Chuma Kisichopoa* kwa mara ya kwanza. Kumi na mitano. Kwenye fomu ya kitabu, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa miaka sita iliyopita kilipoingia, imeandikwa kumi na sita.

Ule wa kumi na sita niliukuta umeganda chini ya ubao wa kubania, kwa upande wa ndani, umeshikwa na tone la gundi. Tangu Septemba nimekuwa nikibana vitabu vingine chini yake bila kugeuza ubao. Kitabu cha sala kilikuwa juu yake muda wote.

Mkunjo wa kumi na tano unaishia hivi, na ukurasa unaishia nao, kwa nukta safi: *Akaiachia kamba.*

Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba kuna kilichobaki. Sikuusoma mkunjo uliopotea. Niliubandua kwa kisu nikauweka kwenye mfuko wa aproni, na hofu yangu ilibadilika sura hapo hapo. Mpaka leo nilikuwa naogopa kitu kilicho chini. Sasa naogopa kilicho juu.

Mchana nilimwambia mume wangu atafute mtu mwingine wa kamba, siku mbili tatu tu. Akaniuliza kwa nini. Nikasema shemeji amechoka. Akacheka, akasema ndugu yake kamshika miaka kumi na moja, amemshika akiwa na homa, amemshika siku waliyotoka kuzika mama yao. Kwa nini halisi sikumwambia. Kusema nimeona alichoandika ni kusema na kwa nini ameandika, na kwa nini ameandika ni mimi. Mficha uchi hazai, najua. Nitamwambia Mkutubi kesho asubuhi, kisha mume wangu.

Oktoba 6, Ijumaa

Nitaandika kama nitakavyoweza.

Asubuhi Mkutubi alikuwa na wageni wa ukaguzi. Nikasubiri dirishani, mkunjo ukiwa mfukoni. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mashine ya kusaga kama kifuniko. Mgongo wa shemeji nilikuwa nauona. Kigoda sasa kilikuwa hatua nne kutoka kwenye mdomo na alikuwa anashika kamba mikono imenyooka, kama mtu anayeshika mbwa wa jirani.

Saa nne hivi mngurumo ulipanda. Labda msagaji aliongeza mashine, sijui. Wakati huo huo radi ya kwanza ya mwaka ikapiga mbali, na ardhi ikaijibu. Shemeji alisimama. Ndoo ilikuwa nusu ya safari inapanda, imejaa. Akatazama shimoni. Akatazama mikono yake.

Hakuitupa ile kamba. Aliiachia taratibu, kama mtu anayeweka chini kikombe cha moto. Kapi likalia, ndoo ikaenda. Kisha akakimbia. Alipita mbele ya dirisha langu, tukaonana macho kwa macho, na sitaki kuuandika uso ule.

Sikumbuki mlango. Nakumbuka kwamba ncha ya kamba ilikuwa kwenye nguzo, Mungu aibariki sheria ya kwanza. Nikalala kifudifudi mdomoni mwa kisima nikaita. Mngurumo ndio ulionijibu kwanza. Nikaita tena. Kisha sauti yake, ndogo.

"Nani yuko juu?"

"Ni mimi."

Udongo ulikuwa unadondoka kidogo kidogo, tik, tik, kama mtu anayehesabu.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Mshika kamba haulizi," nikamwambia, "na anayeshikwa naye asiulize. Jifunge."

Ikaja mitikiso. Mmoja. Miwili. Nilingoja wa tatu na katika kungoja kule nilizeeka. Ukaja.

Nilivuta. Mimi ni mtu wa sindano, daftari langu, mikono yangu inajua uzi. Alipanda labda futi tatu, akakaa hapo, na nikajua siwezi na siachii. Nikapiga ukelele. Aliyefika wa kwanza ni Mwalimu, miwani imeanguka njiani, akashika nyuma yangu. Kisha Mkutubi, viatu kavitupa, na mkaguzi mmoja na tai yake. Tulivuta bila kuimba wala kuhesabu, tunakoroma tu kama ng'ombe. Mvua ikaanza hapo, matone makubwa ya uvuguvugu. Kichwa chake kilipotokeza, kimejaa tope, bega moja limeshuka vibaya kwa ile ndoo, ukuta wa upande wa mashine ukateremka nyuma yake kwa sauti laini, kama mtu anayekaa kitandani.

Tulilala pale kwenye mvua. Mwalimu akihema akasema: "Kurasa mia za watu wanaochimba. Nilisema zinachosha." Mume wangu akacheka, kisha akalia kwa bega, kisha akalia kwa jambo lingine.

Nilimshukuru Mola nikiwa bado nimelala. Mkunjo ulikuwa umelowa mfukoni.

Oktoba 7, Jumamosi

Mvua. Bega lilikuwa limeteguka tu. Muuguzi amelirudisha, ndiye yule aliyeruka ukurasa. Nimeukausha mkunjo kati ya vitambaa, karatasi kwa karatasi.

Oktoba 8, Jumapili

Mvua. Mume wangu anatazama ukutani. Jina la mdogo wake halitajwi. Fundi cherehani alikuja kutupa pole, akasema kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, akadhani anatufariji. Mume wangu aligeuka akamwambia kwa upole kwamba yule anayemsema ni ndugu yake, na chai ipo mezani kama anataka kunywa.

Oktoba 10, Jumanne

Nimekwenda kwa shemeji. Chumba kilikuwa wazi, amekaa ukingoni mwa kitanda mchana kweupe, amevaa viatu, kama msafiri asiye na gari. Hakuniambia karibu na mimi sikungoja kuambiwa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ilinipotea yote, nikamweleza tu: kitambaa, macho dirishani, sikuhesabu, ubao, gundi. Nikampa mkunjo wa kumi na sita. Nikamwambia, hukusoma kitabu kizima, shemeji, ulisoma woga wangu.

Aliusoma amesimama. Nilitazama macho yake yakishuka na kupanda. Alipofika mwisho aliurudia mwanzo, akanisomea kwa sauti mstari wa kwanza, ule unaofuata *Akaiachia kamba*:

"*Ikateremka pima moja, na mikono yake ikaifuata.*"

Kisha akanisimulia. Yule mshika kamba wa kitabuni anaidaka tena. Inamchuna ngozi ya viganja mpaka nyama, na haachii, na mwenzake anatoka, na ule mtambo unabaki chini ukinguruma, na hakuna anayejua mpaka mwisho ni nini. Hicho tu. Ndicho kilichowatuliza watu.

Akageuza viganja vyake akavitazama.

"Vyangu vizima," akasema.

Nikaanza kulia, nikamwambia kosa ni langu. Akanikatiza. Sijawahi kumsikia akiongea polepole vile.

"Hapana, shemeji. Hata ningeyasoma haya, ningekimbia. Usinipe kisingizio. Nikikipokea nitakuwa mwoga mara mbili."

Alinirudishia mkunjo, umenyooshwa vizuri. Nikarudi nyumbani katika manyunyu na nilimheshimu kuliko siku zote alizokuwa akinichekesha.

Oktoba 11, Jumatano

Nimemwambia Mkutubi. Akatoa orodha ya waliosoma kitabu tangu Septemba. Wanne. Amesema nitakwenda kwa kila mmoja na kitabu mkononi nikamwombe msamaha, awe na haki ya kusoma mwisho. Adhabu ya haki.

Nimemwambia mume wangu pia. Alikuwa anajifunza kufunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja. Alimaliza kwanza.

"Wewe uliogopa kitabu," akasema, "yeye akaogopa shimo. Na mimi tangu Ijumaa naogopa kumwita, asije akakataa. Hebu niambie, nani kati yetu si mwoga?"

Oktoba 14, Jumamosi

Nimewazungukia wote wanne. Muuza dawa amesoma amesimama dukani, wateja wakingoja, akafuta neno katili. Fundi cherehani kasema afadhali ule mwisho wa kwanza. Yule asiyejitaja nimemjua sasa, ni mama mmoja mpole sana. Amesoma, amekunja midomo, amesema haamini. Kila mtu na roho yake, ameniambia tena, na akanipa mwavuli wake niende nao.

Oktoba 19, Alhamisi

Jua siku tatu. Wameleta pete za zege za kujengea kisima, hata kuta zikitaka kuteremka zitashikwa. Nimeshona mkunjo wa kumi na sita mahali pake. Nilihesabu kwa sauti, na kitabu sasa sauti yangu kinaijua, shauri yake. Kisha nikakaa kwenye kigoda changu nikakisoma chote, tangu neno la kwanza, mchana, taa nimewasha.

Oktoba 20, Ijumaa

Maoni yangu, niliyoyaandika kwenye karatasi mpya: "Kinatisha kuliko mnavyosema. Mwisho haujanituliza. Kina mikunjo kumi na sita. Msomaji, hesabu kabla hujaanza."

Oktoba 24, Jumanne

Mume wangu alimwita jana, kwa mdomo wake mwenyewe, mlangoni kwake. Sikuwepo, sijui walisemezana nini. Leo asubuhi walikuja wote wawili uani wakitembea mbalimbali kidogo, kama watu waliobeba kioo.

Nilitoka na kazi yangu nikakaa nje. Mwalimu alihamisha kiti chake kutoka dirishani hadi mlangoni, eti kwa ajili ya mwanga. Shemeji alirudisha kigoda kwenye alama zake za zamani. Halafu akafungua ncha ya kamba kutoka kwenye nguzo, mume wangu akamtazama, sote tukamtazama. Akaizungusha kiunoni kwake mwenyewe, akafunga fundo, akafunga la pili, ndipo kilichobaki akakirudisha kwenye nguzo.

"Nikikimbia," alisema bila kumtazama mtu, "nakimbia na wewe."

Mume wangu hakusema sheria yake. Akashuka.

Msagaji akawasha mashine. Mngurumo ukaja, ule ule, kwenye meno kwanza. Maelezo yake tunayo, ameyatoa Mwalimu, nayaamini. Bado nilitazama chini na ngozi ilinisisimka. Shemeji alikuwa anatetemeka mwili mzima. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Alitetemeka, kamba ikatetemeka, na kule chini sauti ikapanda kwa hasira:

"Nani anatikisa kamba? Nimesema vuta ndoo, au nimesema nitoke?"

"Ni mimi, kaka," shemeji akajibu. "Naogopa."

Mngurumo ndio uliojibu kwanza.

"Basi ogopa polepole. Unanichanganya na ndoo."

Nikaona kamba ikikazwa, mtikiso mmoja. Shemeji akavuta.